Picha Iliyomtangulia Nabwile

Zaitun alibisha mlango saa moja asubuhi, siku ya Jumamosi, leso imemfunika hadi kidevuni na sahani ya mandazi mkononi. Yeye na Nangila ni majirani pale Tuwan, Kitale. Wanagawana ukuta, bomba la maji na umbea. Siku hiyo hakuleta umbea. Aliweka mandazi juu ya stuli, akamshika mwenzake bega.

"Pole, dada. Mungu awape subira. Mnazika lini?"

"Tunazika nani?"

"Si yule mama wa Myanga. Yule umechora. Kitale nzima imeona, ati ni wewe tu huna habari?"

Nangila alikaa chini kabla hajaamua kukaa. Mama Nabwile amekufa? Jumamosi iliyopita walikuwa pamoja hadi alasiri, mama anauza mboga zake, ana meno yake yote na ulimi wake wote. Hakungoja kuuliza amekufa na nini. Akaitafuta simu chini ya mto na kuiwasha.

Hapo inafaa umjue Nangila, maana bila kumjua utadhani alifanya makusudi. Riziki yake ni kuandika mabango ya vinyozi na hoteli, na rangi za ukuta zinazobaki huchorea nyuso za watu kwenye kitambaa cha amerikani. Hachori kutoka kwa picha ya simu, na hamwambii mtu akae hivi au vile. Anakwambia endelea na kazi yako, naye anakaa kando akingoja uso ujisahau. Rangi anaipaka kwa kitambaa na kidole gumba, mara kijani shavuni, mara wekundu wa udongo chini ya jicho, na ukiuliza kwa nini anakwambia nyamaza uangalie. Kanuni yake ilikuwa moja: mwenye uso huona picha kwanza, dunia baadaye.

Kanuni hiyo aliivunja Alhamisi jioni. Wiki saba alikuwa akienda Myanga, kijiji alichozaliwa, kukaa na Nabwile pale sokoni na nyumbani kwake, na Alhamisi picha ikaisha. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuchora, mpaka yeye mwenyewe akaiogopa. Kiherehere kikamshinda. Akaipiga picha, akaitia mtandaoni, akaandika chini yake maneno matatu tu: Mama Nabwile, Myanga. Hapendi kueleza kazi yake. Kisha akazima simu siku mbili, kama afanyavyo kila mara, kwa kuogopa maoni ya watu.

Sasa maoni yalikuwa yanamwagika. Pumzika, kukhu, bibi yetu. Umelala mapema, nyanya yetu. Poleni jamii ya marehemu Walubengo, mama amemfuata mumewe. Nangila alisoma kurudi nyuma, akitafuta nani aliyeleta habari za kifo, lini na wapi. Hakumwona. Pole ya kwanza ilikuwa imeandikwa dakika nne baada ya yeye kuweka picha. Juu ya pole hiyo hapakuwa na kitu ila picha yake.

Ndipo akaelewa. Huku kwetu mzee hawekwi mtandaoni peke yake, uso mkubwa hivyo, jina na kijiji chini yake bila neno jingine, ila amekufa. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Nangila alijua pia, lakini kwa kuangalia rangi wiki saba alisahau macho ya watu wengine.

"Zaitun," alisema, "hajakufa. Ni mimi."

Zaitun akaichukua sahani yake ya mandazi, akairudisha tena. "Basi kula," alisema. "Huko unakoenda hutapewa kitu."

Nangila alifika Myanga saa tano, picha imefungwa kwa shuka. Nje ya boma kulikuwa na hema. Ndugu wa ukoo kutoka Misikhu walikuwa wamefika tangu Ijumaa jioni, wakaanza kulia tangu barabarani kama inavyopasa, na walipoingia uani walimkuta marehemu ameketi mlangoni anachambua majani ya mrenda. Walikosa pa kuyaweka machozi. Wakaketi, wakapewa chai, na wengine wakaja nyuma yao wakilia vilevile, wakaketi vilevile. Nangila alihesabu watu zaidi ya arobaini, na hakuna aliyemwangalia vizuri.

Nabwile alikuwa kwenye kigoda chake, ungo wa mrenda magotini, ameelekea njia kama siku zote.

"Umekuja," alisema. "Ati uliniua siku gani?"

"Alhamisi, kukhu."

"Na hukuniambia."

Nangila alipiga magoti, akaomba msamaha. Maneno yale mawili yalikuwa ya kweli kuliko mama mwenyewe alivyojua, maana kanuni iliyovunjwa hakuwahi kuambiwa. Mzee Wakhungu, shemeji yake Nabwile na ndiye mkubwa wa boma, alikohoa. Alisema kilio kimeshaingia nyumbani na hakiwezi kutoka hivihivi, lazima kitu kichinjwe. Walikuwa bado wanajadili kama ni kuku au kondoo pikapu iliposimama kwenye njia.

Mgongoni mwa pikapu kulikuwa na jeneza.

Lilikuwa jeneza la mbao za mninga, lina vishikio vya kung'aa, limefungwa kamba mbili. Kando yake alishuka mwanamume wa makamo, kofia mkononi, ameanza kulia kabla mguu haujagusa chini. Watu walinong'ona jina lake. Levi. Mwana wa pekee wa Nabwile, fundi wa mawe mjini Kitale. Kesho yake baada ya kumzika baba aligombana na wajomba na baba wadogo juu ya shamba, akaapa hawatamwona hapa tena mpaka siku ya kuzika mtu. Miaka kumi na moja. Kitale na Myanga ni mwendo wa asubuhi moja, na alikaa huko miaka kumi na moja.

Levi aliinua macho akamwona mama yake. Kofia ikamwanguka mkononi.

Nabwile alisimama. Ungo ulianguka, mrenda ukamwagika. Alitembea polepole mpaka kwa mwanawe, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akaacha alama za kijani.

"Levi," alisema. "Miaka hii yote hukuniletea hata sukari robo. Leo umeniletea sanduku."

Levi akalia kama mtoto, na safari hii waliotoka Misikhu walipata pa kuyaweka machozi yao.

Mzee Wakhungu aliacha wachoke, kisha akasema lililokuwa vinywani mwa wazee wote. "Hii sanduku hairudi Kitale tupu. Ikirudi tupu itakuja kutafuta mtu. Tutakata shina ya ndizi, tulaze ndani badala ya maiti, tufunike, tuzike leo."

"Ndizi yangu haijazaa," alisema Nabwile. "Wewe mtoto, kwanza nionyeshe hiyo picha nimesikia."

Nangila alifungua shuka. Nabwile alisogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena. Uso kwenye amerikani ulikuwa wake, midomo imefungwa, kijani shavuni, na macho yakitazama kitu kilicho mbali, nje ya picha.

"Anaangalia wapi huyu?"

"Kwa njia, kukhu. Kila nikija unaangalia kwa njia."

Mama aligeuka akaitazama njia, kisha picha. "Sikujua inaonekana," alisema. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Shemeji, wacha ndizi. Weka huyu."

Nangila aliishika picha kwa mikono miwili. "Kukhu, hii ni wiki saba. Hii ndiyo inaenda maonyesho Kitale mwezi ujao. Sijawahi kuchora ingine kama hii, na sijui kama nitaweza."

"Najua. Ni mimi kabisa. Kama si mimi, ingefaa kuzikwa badala ya nani?" Hakusema kwa hasira. "Huyo alikuwa anangoja. Amemaliza kungoja. Mzike."

Vijana walichimba karibu na migomba, na Mzee Wakhungu akasema aliyetangaza msiba ndiye aweke maiti. Nangila aliilaza picha ndani ya mninga kwa mikono yake. Ilikuwa fupi kuliko jeneza, wakaijaza nafasi kwa majani makavu ya migomba. Macho yale yakatazama kando yake mpaka kifuniko kikashuka. Alilia wazi, mbele ya watu, na wa kumfariji hakuwepo.

Udongo ulipokuwa unaingia alitoa simu. Picha ilikuwa bado huko, na pole zilikuwa zimepita elfu moja. Hakuna aliyemwomba aifute, na pale bomani hakuna aliyelifikiria hilo. Alikaa na kidole juu yake mpaka koleo la mwisho, kisha akaifuta, na ile iliyohifadhiwa ndani ya simu akaifuta pia.

Alipokwenda kuaga, Nabwile alikuwa anakunywa chai na Levi.

"Jumamosi uje na kitambaa kipya," alisema. "Na ukimaliza, mimi naona kwanza."

"Ndiyo, kukhu."

Nangila alimtazama ili ajue ataanzia wapi, na akashtuka mara ya mwisho siku hiyo. Uso alioujua wiki saba hakuuona popote. Mama alikuwa amekigeuza kigoda chake, mgongo ameupa njia.