Kuni za Kipupwe

Jirani amewasha moto uani. Nimenusa harufu ya miti ya miwati ikiungua, nikacheka peke yangu.

Kwetu, kuni za miwati zilikuwa za kipupwe. Sisi watoto hatukuzigusa. Moto wa kila siku ulikuwa wa magunzi. Jioni moja sauti ikaita salamu ya kwetu kutoka kwenye ukungu, "Kamwene!" Baba alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge, alikokwenda kwa mkataba akapotea kabisa.

Nikakimbilia magunzi, tumchomee viazi. Mama akayapiga teke, akaanza kubeba miwati mwenyewe, mzigo baada ya mzigo, mpaka ua mzima ukang'aa.

"Mama, na baridi je?"

"Ije tu!"

Alicheka huku akijifuta macho, akaulaumu moshi. Miwati mikavu ile haikuwa na moshi.