Unyoya Apigwa Picha ya Paja

Kazi yake ilikuwa kulala. Si utani. Duka la magodoro lilimwajiri ili mteja akisitasita, yeye ajinyooshe juu ya godoro, afumbe macho na kusema kivivu, "Hili hata mgongo unashukuru." Miaka kumi na saba alilala hivyo, asubuhi mpaka jioni, na hakunenepa hata chembe. Suruali aliyoolea bado ilimvuka kiunoni asipofunga mkanda. Ndiyo maana watu walimwita Unyoya.

Wembamba huo ulimtia kiburi. Aliyeumia kwa kiburi hicho ni shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi mwashi mwenye tumbo lililomtangulia mlangoni. Kila Jumapili Unyoya alimhesabia matonge. "Shemeji, moyo wako unabeba watu wawili, na huyo mmoja hata hujatutambulisha."

Fundi alitafuna tu.

Basi hospitali ikatangaza kwamba inapima bure misuli na mioyo ya watu wazima. Unyoya akajiandikisha, akamwandikisha na shemeji bila kumuuliza. "Twende ukasikie habari zako kwa mtaalamu. Mimi nimechoka kuzisema."

Walipimwa presha, sukari na viuno, kisha wakaingizwa kwa zamu katika mashine inayopiga picha za ndani ya mwili. Unyoya alisinzia humo, ikabidi aamshwe. Wiki iliyofuata daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliwaketisha pamoja na kubandika picha mbili za mapaja kwenye kioo chenye taa.

Paja la kwanza lilikuwa nyama tupu, imeshikamana. La pili lilijaa michirizi ya mafuta huku na huku, kama mche wa sabuni wa rangi mbili.

Unyoya alimpapasa shemeji begani. "Pole, kaka. Ndiyo dunia."

"Hili la michirizi ni lako wewe," daktari akamwambia.

Unyoya akaomba picha zigeuzwe. Daktari akasema zimekaa sawa. Unyoya akauliza kama labda mashine ililala kidogo.

"Aliyelala ni wewe," daktari alisema. Kisha akaeleza polepole: mafuta hayakai chini ya ngozi tu. Mengine hujipenyeza ndani ya misuli, hata ya mtu mwembamba, na mizani haiyaoni. Yakiwa mengi, hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa nayo huwa kubwa zaidi. Fundi aliambiwa asishangilie, kiuno chake bado kilihitaji kupungua, ila miguu iliyozoea kupanda na ndoo za zege ilikuwa ya kupigiwa mfano.

"Na presha yako imeanza kupanda," daktari akamgeukia Unyoya. "Unafanya kazi gani?"

"Nalala."

Daktari alivaa miwani ili amwone vizuri.

Nyumbani mkewe alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Kumbe nimeolewa na mafuta, na siku zote nadhani ni mfupa."

Kesho yake Unyoya alimwomba mwenye duka amwachishe kulala, awe anawapelekea wateja magodoro kwa miguu. Siku ya kwanza upepo ulimchukua pamoja na mzigo, ukambandika kwenye ukuta wa jirani. Jirani alisimulia mtaa mzima kwamba ameona godoro likitembea lenyewe, limevaa viatu. Habari zikamfikia fundi. Kila akitoka kazini alipitia dukani, akashika ncha ya nyuma, wakaenda wote.

Miezi minane baadaye presha ya Unyoya ilikuwa imeshuka, na fundi amekaza mkanda matundu mawili zaidi. Daktari aliwaambia waendelee.

Lakini kuna jambo lilimkera Unyoya: shemeji hakumcheka hata siku moja. Jioni moja, wakipandisha godoro la sita kwa sita ghorofa ya nne, uvumilivu ulimwisha.

"Shemeji, mbona hunicheki?"

"Panda."

"Miaka yote nimekusema, na paja lenye mafuta ni langu. Sema basi."

"Nikianza kucheka hapa, godoro litatushinda," fundi alijibu kutoka nyuma. "Tufike kwanza."

Walifika. Fundi akaliegemeza godoro ukutani kwa adabu, akamwamkia mteja, kisha akajitupa kwenye kochi la watu na kucheka mpaka mteja akaleta maji.