Wifi Anafundisha Ukili Parktown

Wifi yangu hajui kusuka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililokuwa likinichoma roho tangu majira ya baridi. Ni dada wa mume wangu, tumetoka naye Tanga, na hapa Johannesburg tunakaa flati moja ya Berea, chumba chake kikitazamana na changu. Kwa hiyo simsingizii. Ukili wake, ule utepe unaounganishwa kuwa mkeka, ni mpana na umelegea, na kingo zake zinakwenda upogo. Marehemu mama mkwe alikuwa akiulaza mkeka wa wifi chini ya mikeka mingine wageni wakija, na wifi mwenyewe alikuwa anacheka.

Sasa mwanamke huyo ni mwalimu.

Kuna nyumba Parktown, juu kwenye kilima cha mawe, iliyojengwa na tajiri mmoja wa dhahabu zama za malkia wa Waingereza. Baraza lake limezungushiwa chuma kilichotobolewa maua, kama kingo za shela. Kila chumba kina meko yake, na sakafu ya mbao inalia ukiikanyaga hata ukiwa umevua viatu. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyeirithi kwa shangazi yake, ameigeuza mahali pa mapumziko na kazi za mikono. Wanawake hufika Ijumaa, hulala huko, hufuma, hutarizi, hushona mablanketi ya viraka, na Jumapili hurudi kwao na walichotengeneza. Wapo wa kutoka Soweto, wapo wa mitaa yenye kuta ndefu.

Mama huyo aliiona mikoba yetu kwenye meza tunayouzia Malvern, pembeni mwa barabara ya Jules. Siku hiyo wifi alikuwa mezani peke yake. Wanasema riziki kama ajali, huijui ijapo. Ilikuja mimi nikiwa kitandani napiga chafya. Mikoba aliyoishika na kuisifu niliisuka mimi. Aliyealikwa kufundisha ni wifi. Aliporudi akanieleza yote huku akivua viatu, nami nikasema hongera, nikaenda jikoni kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Hayo ningeyameza. Kilichonishinda ni binti yangu.

Ana miaka kumi na minne, amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Nilimkalisha mkekani tangu mdogo nimfundishe ukili. Akikosea, nilifumua, aanze upya. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha, na mikono yangu haina aibu popote. Binti alisuka wiki mbili, akanyanyuka, akasema hii kazi haimtaki. Sikumlazimisha. Nilijiambia kwamba kwetu ukili utakoma kwangu, basi, ndiyo dunia.

Kumbe ulikuwa haujakoma. Alianza kumfuata shangazi yake Parktown kila Jumamosi, eti kumsaidia kubeba vitu. Baada ya mwezi nikaona vidole vyake vinakunja hewa huku anatazama televisheni. Nilivijua vidole vile vinafanya nini. Sikuuliza.

Jumamosi iliyofuata nikachukua sweta ya binti, ingawa nje palikuwa na jua la kutosha, nikakipanda kilima kwa miguu kumpelekea.

Niliwakuta kwenye chumba kikubwa cha kulia, chenye kioo cha rangi juu ya dirisha. Wanawake kama kumi wamekaa kwa duara, wifi katikati, amevaa miwani. Miyaa, majani ya mkindu ya kusukia, haipatikani hapa, na yetu huletwa kidogo kidogo kutoka Tanga, kwa hiyo alikuwa amechana shweshwe, kile kitambaa cha buluu cha huku, vipande vyembamba vyembamba, na wanasukia hivyo. Ukili wa nguo! Nilitaka kucheka kwa sauti. Kisha nikatazama vizuri. Nguo haitaki kubanwa. Inataka mkono mlegevu, mkono ule ule tuliokuwa tunaucheka Tanga, na ukili uliokuwa mapajani mwa wifi ulikuwa mzuri. Mgala muue na haki yake mpe. Niliona uchungu hata kuitoa hiyo haki.

Binti yangu alikuwa ameketi kando yake, magoti yao yamegusana.

"Shangazi, hapa nakunja au naruka?" aliuliza.

Kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha Tanga, bila kulazimishwa na mtu.

"Ruka moja, mwanangu," wifi akamjibu. "Ukikosea si kitu, endelea tu."

Mwanangu. Niliuminya ufunguo wa nyumba niliokuwa nao mkononi mpaka ukaniuma. Nilikuwa tayari kuingia na kusema, mbele ya wageni wote, ni nani aliyesuka mikoba ile. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Ndipo mwenye nyumba akaniona mlangoni. Akatabasamu, akaniuliza kama na mimi nimekuja kujifunza. Wifi akainua uso. Akafungua mdomo aseme kweli, nami nikamuwahi.

"Ndiyo," nikasema. "Hii ya nguo siijui."

Wifi alinitazama juu ya miwani yake. Tumekaa nyumba moja miaka yote hii, alijua nimekuja kwa nani. Akasogeza kiti, lakini hakukiweka karibu yake. Alikiweka karibu na binti yangu, akageukia wanafunzi wengine. Hata kwa hilo nilimwonea wivu, kwamba alifikiri upesi vile na bila kinyongo.

Nikapewa vipande vinne vya nguo. Kwenye mkunjo wa tatu vidole vyangu vilikuwa vimeshaelewa kila kitu. Nguo ina siri ndogo, ukishaijua umeijua. Ningeweza kusuka pima nzima kabla chai haijaja, na kila mtu mle ndani angenyamaza.

Nikakunja palipotakiwa kurukwa.

"Eish, mama, siyo hivyo," binti akasema. Alisita, kama aliyekuwa anangoja nimkemee. Nikamsogezea ukili wangu. Akaweka kazi yake chini, akanishika vidole, viwili vyake juu ya viwili vyangu, akavipeleka polepole. Viganja vyake vilikuwa na joto. Sikumbuki mara ya mwisho aliponishika mkono bila kuwa tunavuka barabara.

"Unaona? Ruka moja, halafu kunja. Haya, wewe sasa."

"Nimeona," nikasema.

Nikakosea tena, ili asiuondoe mkono wake.