Picha za Eksirei Zilipokawia Njiani

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kila nikishika kebo, mwanangu. Ilikuwa Nyeri, msimu wa mvua ndefu, nami nilikuwa kijana mwembamba kutoka Mukurweini ambaye bado hajathibitishwa kazini. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja. Kwetu wote walikuwa watu wa kahawa na ng'ombe, na mimi nilikuwa wa kwanza kupata kazi ya kukaa ndani mvua ikinyesha. Mama yangu alikuwa ameshaliambia kanisa zima. Ukitaka kujua nilikuwa na nini cha kupoteza, anzia hapo.

Hospitali ilikuwa na seva mbili. Moja ilikuwa chini, chumba cha eksirei, ikihifadhi picha za mifupa na vifua. Ya pili ilikuwa juu karibu na wodi, ili madaktari wazione picha hizo bila kuzifuata. Ile ya juu ilizeeka, ikaletwa mpya, na aliyeifunga ni mimi. Nilijisikia mkubwa kidogo, sikufichi. Lakini tangu niifunge, picha iliyokuwa ikifika kabla daktari hajavaa miwani sasa ilifika akiwa amechoka kungoja. Jina la mgonjwa lilikuja papo hapo, umri wake pia, ila picha yenyewe ilikuja ikijivuta.

Daktari Gichuki, mkuu wa hospitali, alituingilia ofisini asubuhi hiyo, koti limemlowa mabegani. Alikuwa na mama mzee aliyevunjika nyonga, na picha ya nyonga hiyo ilikuwa bado njiani.

"Ati mashine ni mpya na iko polepole kushinda ile ya zamani?" akasema. "Ni huyu kijana aliiweka. Mama Nafula, kama hajui kazi, aende nyumbani leo leo."

Mama Nafula ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo chetu. Alikuwa mtu wa Bungoma, msomi wa mambo ya mitandao, mrefu, mwenye sauti ya chini. Hakumpenda mtu wa kubahatisha, na sote tulimwogopa kwa hilo.

"Daktari, nipatie mpaka chai ya saa nne," akajibu. "Kama ni yeye ameharibu, nitakuambia mimi mwenyewe."

Nilikimbia chumba cha seva, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka, nikaanza kuchomoa kebo, hii na ile, mikono ikitetemeka. Nilikuwa tayari kuapa kwamba seva imetoka dukani ikiwa mbovu.

Mama Nafula alisimama mlangoni akiniangalia. "Umepima ama unadhani?"

"Nimepima, Mama. Nikiita ile ya chini inajibu mara moja."

"Umeita na kitu kidogo. Hata jina la mgonjwa inafika haraka, si umeona? Kitu inachelewa ni picha, sasa pima na picha. Na wacha hizo kebo. Ukigusa zote mara moja, hata ikipona hutajua ilikuwa inaumwa wapi."

Basi akanifundisha, na saa inakimbia. Tulichukua kompyuta yake ya mkononi, tukavuta picha moja kutoka kwenye seva ya chini yenyewe. Ikaja upesi, kwa hivyo ya chini ilikuwa nzima. Tukapanda juu, tukaichomeka kompyuta hiyo hiyo kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha mashine zote za ghorofa, katika tundu jirani na la seva. Picha ikaja upesi tena, kwa hivyo njia yote ya kutoka chini ilikuwa nzima. Kilichobaki ni seva yangu mpya na tundu lake.

Mama Nafula akafungua mipangilio ya swichi, akatazama hesabu ya makosa ya tundu lile. Kila picha ilipopita, makosa yaliongezeka. Akasogea karibu na kioo cha kompyuta, akazisoma tarakimu moja moja. Nikadhani ameshaamua kwamba ni mimi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Enzi za seva ya zamani, stima ilikuwa ikipotea, taa zote zikizima, kila mvua ikinyesha, na ikirudi, seva na swichi zilishindwa kuelewana kuhusu mwendo wa kupokezana data. Mama Nafula alichoka, akaweka mwendo huo kwa mkono pande zote mbili, mambo yakatulia. Seva ilipoondolewa, upande wa swichi ulibaki vile vile. Ile mpya ilikuja ikitaka kuelewana yenyewe, haikupata jibu, ikachagua ustaarabu wa kungoja zamu. Huku swichi inaongea na kusikiliza kwa pamoja, huku seva inangoja mwenzake anyamaze. Neno fupi hupenya. Mzigo mkubwa hugongana njiani, ukarudiwa na kurudiwa.

Mwanangu, fikiria tulipokuwa. Mpangilio ule sikuujua kuusoma. Angeweza kuubadilisha kimya kimya, akanipiga begani, akamwambia daktari kijana amerekebisha makosa yake. Ningeamini hivyo maisha yangu yote, na huenda ningeamini nikiwa Mukurweini, nikikamua ng'ombe wa mama.

Aligeuka akasema, "Hii ni yangu." Akanieleza yote, akaniachia kiti ili nibadilishe mpangilio wa swichi mwenyewe. Nyonga ya yule mama mzee ikatokea kwenye kioo pale pale.

Saa nne alinitangulia kwenye chumba cha chai, madaktari wote wakiwemo. "Daktari, kosa ilikuwa yangu," akasema, bila kuongeza wala kupunguza sauti. "Niliweka swichi kwa mkono wakati wa zile mvua, na sikumwambia huyu kijana. Seva yake ameifunga vizuri."

Daktari Gichuki alimtazama, akanitazama, kisha akachukua chupa ya chai akanimiminia kikombe. Hakusema pole. Lakini alikijaza mpaka juu.

Nilifanya kazi pale mpaka nikaota mvi, na sasa nafundisha vijana kazi hii, mjini Kutus. Mama Nafula amestaafu, yuko kwao Bungoma. Nilimpigia simu Krismasi nikamwambia asante kwa ile siku. Akacheka. "Kwani baba, ulitaka niseme nini?" Nililia, mwanangu, na sioni haya kukuambia.

Basi nasaha zangu ni hizi. Mtandao ukizembea, pima kwanza, na upime kwa mzigo ule ule unaosumbua. Gawanya njia vipande, gusa kitu kimoja, ngoja uone. Uliza pande zote mbili, maana kila upande ukiwa peke yake utakuambia uko sawa. Ukibadilisha kitu kwa mkono, mwambie atakayekuja nyuma yako. Na ukifuata makosa hatua kwa hatua ukakuta mkono wako mwenyewe mwishoni, sema mapema, wakati mwenye kulaumiwa bado yuko kazini.

Mungu akujalie macho ya subira na mikono isiyotetemeka. Siku utakayolaumiwa bure, akuletee mtu wa kusema, "Hii ni yangu." Na siku yako ikifika, akupe sauti ya kulisema neno hilo mbele ya watu, chai ikiwa bado moto.