Siku Ndeti Alipomkana Mwanawe

Pale Kanyangi, mtu akitaka mbegu nzuri ya mbaazi alielekezwa kwa Ndeti. Na ibada ya Jumapili ikianza kulegea, mchungaji alimtupia Ndeti jicho, naye akaanzisha wimbo, na kanisa zima likasimama. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye suti moja ya kahawia ambayo hakuna aliyewahi kuiona na vumbi. Alipenda kuheshimiwa, na heshima aliipata. Lakini kilichomfurahisha kuliko yote ni mtu kumuuliza habari za kifungua mimba wake, Kisilu.

"Yuko Mombasa," alikuwa akijibu. "Bandarini. Ofisini."

Hilo la mwisho alilisema polepole, kama mtu anayeweka yai chini.

Kweli yenyewe ilikuwa hivi. Kisilu aliteremka Mombasa mwaka sabini na nne, mwaka ambao kunde zilikauka zikiwa na maua. Alipata kazi bandarini, ndiyo, lakini ya kupakua magunia, nayo ikaisha kabla hajazoea maumivu ya mgongo. Katika kurandaranda kwake akakutana na Abubakar, kijana wa Kiislamu aliyezaliwa Kitui mjini. Walijuana tangu utotoni, kwa kuwa baba yake Abubakar alikuwa na duka nyuma ya soko la mjini, alikokuwa Kisilu akitumwa na mama yake, na Kikamba cha Abubakar kilikuwa kizuri kuliko cha Wakamba wengine. Sasa alikuwa amehamia kwa wajomba zake Mnarani, kwenye kivuko cha Kilifi, nao wamempa mashua ndogo ya mbao yenye injini ya kufunga nyuma. Alihitaji mtu mwenye mikono yenye nguvu. Kisilu hakuwa ameona maji mengi kuliko ya bwawa la ng'ombe. Akaingia.

Hawakuvua karibu. Ndani ya mwamba samaki walikuwa haba na wavuvi wengi. Wao walipita mlango wa mwamba alfajiri, wakaenda na kuendelea kwenda mpaka minazi ya pwani ikawa mstari mwembamba, halafu mstari nao ukafutika. Huko ndiko nguru na jodari walikopita. Huko mshipi ulishuka na kushuka, wala haukugusa chini.

Krismasi ya kwanza Kisilu alirudi nyumbani na kumwambia baba yake ukweli, wakiwa wawili tu zizini.

"Nau," alisema, maana hivyo ndivyo Mkamba anavyomwita baba yake, "mimi kazi yangu ni kuvua samaki."

Ndeti aliacha kumkamua mbuzi. Katika nyumba aliyozaliwa yeye, samaki hakutajwa wakati wa chakula. Bibi yake alisema ni nyoka tu aliyekimbilia majini.

"Kuvua? Kama mtu asiye na shamba?"

"Ni kazi, nau. Tunaenda mbali sana, mahali ambapo hata..."

"Usiseme neno hilo hapa," Ndeti alimkatiza. "Nilisimama kanisani nikashukuru kwa ajili ya ofisi yako. Watu walipiga makofi. Unataka nisimame tena niseme nini?"

Kisilu alirudi baharini. Ndeti akaendelea kuwasimulia watu ile ofisi.

Miaka minne ikapita hivyo. Desemba ya mwaka sabini na nane kanisa lilikodi basi kwenda kwenye mkutano mkubwa wa injili Malindi. Ndeti alikaa kiti cha mbele, karibu na Mchungaji Mutie, amevaa suti yake ya kahawia. Njia nzima watu waliimba. Walipofika Kilifi ikabidi basi lisubiri feri, na abiria wakashuka kutazama maji. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza. Muthoki, kiongozi wa akina mama, alivua viatu akachovya kidole kimoja akacheka kama msichana.

Mashua ndogo ilikuwa inaingia ufukweni, hatua chache kutoka pale. Mtu pekee aliyekuwamo aliruka majini kuivuta. Alikuwa peku, kaptura imechanika pajani, kifua kimejaa magamba ya samaki, na damu ya samaki mikononi mpaka kwenye viwiko. Alipoinua kichwa aliwaona. Uso wake ukachangamka wote kwa mara moja.

"Nau!" aliita. Akaiacha mashua, akaja mbio juu ya mchanga, mikono imenyooshwa kando ili asimchafue mtu. "Nau! Umekuja!"

Basi lote lilikuwa limegeuka. Mchungaji Mutie alimtazama kijana, akamtazama Ndeti. Ndeti alihisi joto likimpanda kutoka shingoni. Aliona magamba. Aliona kaptura. Alisikia makofi ya siku ile kanisani, na kabla hajajua anasema nini, kinywa kilikuwa kimeshasema.

"Umenifananisha, kijana. Mimi sikujui."

Aliyasema kwa Kiswahili, si kwa Kikamba, kana kwamba lugha nayo ingesaidia.

Kisilu alisimama. Mikono yake ilibaki hewani kidogo, kisha akaishusha taratibu. Akamtazama baba yake, akayatazama mabega ya suti ile, akawatazama wale watu waliomfundisha nyimbo akiwa mtoto. Akainamisha kichwa.

"Samahani, mzee," alisema. "Ni kweli. Nimekufananisha."

Akarudi kwenye mashua. Feri ikafika, wakapanda. Mtu akaanzisha wimbo ambao haukushika.

Kule Malindi Ndeti alihubiriwa siku tatu na hakusikia kitu. Alipofika nyumbani mkewe, Kaluki, alimuuliza kama alibahatika kumwona mtoto.

"Mombasa ni kubwa," alijibu. "Hatukukaa."

Jumapili iliyofuata mchungaji alimtupia jicho kama kawaida. Ndeti akafungua kinywa. Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika, na Muthoki akaudaka wimbo akamalizia. Ikawa hivyo na Jumapili nyingine, mpaka mchungaji akaacha kumtazama.

Mwisho wa Januari Kaluki alirudi kutoka sokoni, akatua kikapu, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Muthoki ameniambia kuna kijana alikuita nau pale kivukoni."

Ndeti aliendelea kuchambua mbegu za mbaazi.

"Ukasema humjui."

"Kulikuwa na watu... kulikuwa na mchungaji..."

"Mimi nilimzaa Kisilu kwa uchungu wa siku mbili," Kaluki alisema. Hakupaza sauti. "Watu huniita mama Kisilu. Wewe wanakuita baba Kisilu. Sasa nikuite nani, maana baba yake hayupo?"

Alfajiri Ndeti aliondoka. Suti aliiacha ukutani. Mpaka basi liliposimama Malili abiria wanunue chai hakuwa ameongea na mtu, na hata pale hakushuka. Alikuwa anapanga maneno. Aliyapanga Malili, akayapanga Voi, na alipofika Mnarani jioni ya siku ya pili alikuwa ameyasahau yote.

Kivukoni aliulizia kijana wa Kikamba anayevua, akaelekezwa nyumba ya Abubakar, alikoishi Kisilu. Mama yake, Sauda, mwanamke mnene mwenye kanga kichwani, alimkaribisha barazani na kumwekea chai kabla ya kumuuliza jina. Kisha Kisilu akatokea kutoka ufukweni na mshipi begani. Alipomwona mgeni alisita. Uso wake safari hii haukuchangamka, wala haukukunjika. Ulikuwa uso wa mtu anayepokea mteja.

"Habari ya safari, mzee?"

"Nzuri," Ndeti alisema.

"Mama Sauda, huyu ni mzee mmoja wa kule kwetu Kanyangi." Akamgeukia Ndeti. "Kesho tunatoka baharini, mzee. Ukitaka kuongea nami, njoo. Leo nimechoka." Akaingia ndani.

Ndeti alitaka kusema, "Mimi ni baba yake." Lakini Sauda alikuwa anamwangalia kwa huruma, na akamtangulia.

"Bila shaka umekuja kumpa pole."

"Pole ya nini, mama?"

"Ya babake. Hamkupata habari huko? Desemba iliyopita. Alirudi kutoka kivukoni siku moja akatuambia babake amekufa, akajifunika shuka. Tukatandika mkeka hapa hapa, tukakaa matanga naye. Si Mwislamu, lakini ni mtoto wangu. Yule kijana alilia, mzee, usiombe. Sijaona mwanamume akilia vile."

Ndeti alikiinamisha kikombe bila kujua, chai ikamwagika gotini. Ilikuwa moto, naye hakuifuta.

Alfajiri alikuwa ufukweni. Abubakar alimshika mkono akamkalisha katikati ya mashua, akamwambia asisimame hata akiona malaika. Walipopita mlango wa mwamba mawimbi yalibadilika, yakawa marefu, na mashua ikawa inapanda kama mtu apandaye kilima na kushuka kama mtu aangukaye. Ndeti alitapika chai, akatapika uji wa jana, akatapika nyongo. Alilala juu ya kamba zilizolowa, akafumba macho. Alipoyafumbua ardhi haikuwapo. Upande huu maji, upande ule maji, na mbao nyembamba kama ubao wa darasani kati yake na kilindi. Hapa ndipo mwanawe alipokuja miaka yote hii, wakati yeye akimweka ofisini.

Akamtazama akifanya kazi. Kisilu alisimama bila kushika popote, magoti yakifuata bahari. Mshipi ulipokazika aliuachia, akauvuta, akauachia, akizungumza chini chini kama anavyozungumza mchungaji wa mbuzi. Samaki aliyepanda alikuwa na urefu wa mtoto wa shule, anang'aa, na Kisilu alimtuliza kwa pigo moja la rungu.

"Nguru," Abubakar alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa maongezi, akamuuliza Ndeti, "Mzee, wewe ulimfahamu marehemu babake Kisilu?"

Mgongo wa Kisilu ulikakamaa. Hakugeuka.

"Nilimfahamu," Ndeti alisema.

"Alikuwa mtu wa namna gani? Huyu hataki kutusimulia."

Ndeti alifikiri. "Alikuwa mtu wa kuogopa watu," alisema. "Aliwaogopa kuliko Mungu."

Abubakar alikunja uso. Hivyo si namna ya kumsema marehemu. Akafungua kinywa kumkanya. Lakini mzee akajiinua ili atapike tena nje, akasahau alichoambiwa, akasimama. Wimbi likaipiga mashua ubavuni. Ndeti akapinduka, kichwa na mabega vikaingia majini.

"Nau!"

Kisilu aliutupa mshipi na nguru wa pili akiwa amenasa. Akamdaka baba yake kwa mkanda wa suruali, akamvuta mpaka wote wawili wakaangukia kwenye sakafu ya mashua, maji na damu ya samaki vikiwalowesha. "Nau, nau," alikuwa anasema, akimgongagonga mgongoni atoe maji, "nau, pumua."

Abubakar alizima injini. Bahari ikawa kimya kiasi cha kusikia maji yakilamba mbao. Mtoto wa Kitui hahitaji kutafsiriwa neno hilo.

"Kumbe marehemu anakohoa," alisema hatimaye. Hakuwa anacheka. "Mamangu alikaa mkekani kwa ajili ya mtu huyu."

Kisilu alimwachia baba yake. Alikaa kwenye ubao wa nyuma, akaufunika uso kwa viganja vilivyochanwa na mishipi.

"Ningewaambia nini?" alisema. Hakuwa anamjibu Abubakar, alikuwa anamwambia mzee. "Kwamba babangu yuko hai na hanijui? Nani angenipa mkeka kwa hilo? Mtu akifiwa anapewa pole. Mimi nilitaka tu mtu anipe pole."

Ndeti alitaka kuomba msamaha. Aliyatafuta yale maneno aliyoyapanga Malili na Voi. Kilichotoka ni maji ya chumvi, na baada ya hapo kilio kisicho na sauti, cha mtu asiyekizoea. Hakuna aliyemgusa. Baadaye Abubakar aliwasha injini, wakageuza.

Ufukweni Abubakar alisema yeye hatamwambia mama yake neno, waende wakaseme wenyewe. Wakaenda. Sauda alimsikiliza Kisilu mpaka mwisho, akiwatazama wote wawili, yule kijana na yule maiti wake, wamelowa na wananuka.

"Wewe ulinidanganya kifo," alimwambia Kisilu. "Na wewe," akamgeukia Ndeti, "wewe ulikitafuta." Akaingia jikoni akafunga mlango. Chakula alikileta baadaye, sahani mbili, akaziweka chini bila kukaribisha. Kilikuwa wali na nguru. Ndeti alikula yote, samaki yule wa kwanza maishani mwake, na mwanawe akatazama pembeni.

Ndeti aliporudi Kanyangi alikwenda moja kwa moja kwa Mchungaji Mutie, vumbi la safari likiwa bado miguuni. Alimwambia kwamba kijana wa kivukoni alikuwa mwanawe, na kwamba hakuna ofisi, haijawahi kuwapo.

Mchungaji alimpa kiti. "Mzee, tulijua," alisema kwa upole. "Basi lote lilijua. Si sisi tuliomlea? Na paji lile la uso ni lako."

"Mbona hamkusema?"

"Tulikusitiri."

Ndeti alitoka nje akasimama kwenye jua kali. Wiki zote zile walikuwa wamekaa nyuma yake kanisani, wakijua, wakiutazama mgongo wake wakati sauti ikikatika. Aliona ingekuwa afadhali wangemzomea.

Kisilu alikuja nyumbani mwaka uliofuata, baada ya mama yake kumwendea mwenyewe. Alikaa siku chache. Siku ya soko Ndeti alimwomba watembee pamoja, na katika kila kibanda alisimama. "Huyu ni Kisilu, mwanangu," alisema. "Ni mvuvi. Huenda mbali, mahali ambapo ardhi haionekani." Watu walijibu kwa adabu kwamba wanajua, wakamsalimu kijana, na kila mara masikio ya mzee yalishika moto upya. Kisilu aliitikia salamu zote, mikono nyuma. Alitembea mbele kidogo, kama mtu mwenye haraka, na Ndeti akajitahidi kumfikia.