Kibudu

Juzi mjukuu wangu alimzika kifaranga wake ndani ya boksi la viatu, nikamkumbuka Kishingo, kuku wangu wa utotoni kule Chumbageni. Ulikuwa mkesha wa Idi, na mwezi mzima nilikuwa nikimwombea asichinjwe. Alasiri ile nikamkuta amekufa nyuma ya jiko, penye moshi wa vifuu. Bibi akamgeuza, akaguna, "Loo, keshakuwa kibudu!"

Nikadhani kibudu ni namna ya mchuzi. Nikaangua kilio.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Kuku akifa bila kuchinjwa haliwi."

"Hata Idi?"

"Hata Idi."

Nikafuta machozi, tukamzika chini ya mpapai. Siku ya Idi tulikula wali kwa samaki. Baba alinuna, mimi niliongezewa mara mbili.