Mizinga ya Vyuo Viwili

Kipeperushi cha chuo kililetwa nyumbani na bwana mmoja aliyevaa viatu vyeupe. Huku kwetu Usinge, wakati wa masika, mtu mwenye viatu vyeupe ama amebebwa ama amekuja kudanganya. Hilo nililiona mapema. Lakini yule bwana alichuchumaa mbele yangu, magoti yakakaribia tope, akasema, "Shikamoo bibi," kisha akaongeza kwa lugha yetu, "Mwangaluka, mayo," yaani umeamkaje, mama. Nikaitikia marahaba, nikamletea kigoda. Nikamletea na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Akala bila kukunja uso, akaomba tena. Hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo. La huyo wa viatu vyeupe, la mpishi, la mwalimu, hata la mbwa wa chuoni. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Siyaandiki kwa kuwa wengi wako hai, na mjukuu wangu bado anasoma.

Mjukuu wangu huyo wa kike alikuwa amemaliza kidato cha nne. Biolojia alipata C, Jiografia C, Kemia D, na Hesabu tusiizungumzie. Alitaka kusomea misitu na nyuki. Wenzake walitaka uuguzi, ualimu, mmoja alitaka kusomea utangazaji. Yeye misitu. Nilipomsikia mara ya kwanza sikulipenda neno hilo, kwa sababu watu wa misitu ndio waliotutoa msituni.

Marehemu mume wangu alikuwa mfuga nyuki. Mizinga yake aliichonga kwa magogo ya mninga, akaitundika ndani kabisa ya pori, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Kila mzinga ulikuwa na alama yake ya moto karibu na mlango wa nyuki: mistari miwili na nukta tatu chini yake. Kila mfugaji ana alama yake, na mwingine hagusi. Ukikuta mzinga wa mtu umeanguka unauinua na kuuegemeza kwenye mti, unaenda zako. Kisha sheria ikabadilika, pori likawa hifadhi, wakaja vijana wenye sare za kijani wakasema hatuna kibali. Mizinga wakaishusha. Mingine waliichoma moto, mingine waliipakia kwenye gari. Siku ile nami nilikuwepo. Kijana aliyeongoza alikuwa na kidevu chenye kovu, na majina yake niliyasikia wenzake wakimwita, hata la utani.

Kwa hiyo mjukuu aliposema kuna chuo kingine cha nyuki na misitu, mashambani, nusu siku kutoka Tabora mjini, na kwamba walimu wake wengine walikuwa maofisa wa misitu, nilimwambia, "Huko huendi."

"Bibi, ada yake ni nusu ya hiki cha kipeperushi."

"Kwa nini iwe nusu? Mtu hakupunguzii bure."

"Na hiki je? Kimeandika ajira uhakika."

"Huyu ametusalimu vizuri."

Mjukuu akaniangalia. Alikuwa na haki ya kuniangalia hivyo. Mimi ninayefungua ndoo ya asali na kuichungulia mara tatu kabla ya kuinunua, nimelainishwa na mtu kwa sababu ya kuchuchumaa.

Tulichokuwa nacho ni asali ya msimu mmoja ya biashara yangu na ng'ombe mmoja aliyekuwa kwa mwanangu, kule Choma. Hivyo vikienda mahali pabaya hakuna vingine, naye mtoto angebaki kuchuma tumbaku kwenye mashamba ya watu. Na mahali pabaya nilikuwa nimepaona. Mtoto wa dada yangu kule Ziba alisoma miaka miwili chuo cha utalii. Alipopeleka cheti kuomba kazi akaambiwa chuo hicho hakimo kwenye orodha ya serikali. Cheti dada yangu amekiwekea kioo, kiko ukutani mpaka leo, kwa kuwa kina picha nzuri ya twiga.

Nikasema basi, hatulipi kwa kipeperushi. Tutakwenda kuona kwa macho. Tukapanda treni, mimi, mjukuu, na chupa mbili za asali za zawadi.

Chuo cha kwanza kilikuwa Tabora mjini, juu ya duka la vitambaa. Tulipanda ngazi, tukakuta vyumba viwili, meza mpya, na picha kubwa ya tembo. Yule wa viatu vyeupe akatupokea kama ndugu. Akaniletea soda. Mjukuu akauliza wanafunzi wako wapi, akaambiwa wako mafunzoni kwa vitendo. Akauliza vitendo hivyo vinafanyika wapi. "Hifadhini," akasema yule bwana, akanyoosha mkono dirishani, upande wa soko.

Nikasema, "Mwanangu, mimi ni mke wa mfuga nyuki. Nionyeshe mizinga yenu."

"Bila shaka, mayo."

Akatupeleka uani. Palikuwa na mzinga mmoja, wa masanduku, umepakwa rangi ya manjano inayong'aa, umewekwa juu ya stuli ya plastiki, mlango wake ukitazama choo. Niliusogelea. Nikaunusa. Ulinuka rangi tu. Mzinga mpya hupakwa nta ili nyuki waukubali, na huu haukuwa umeona nta tangu uzaliwe. Kwenye kitundu cha kuingilia nyuki palikuwa na utando wa buibui, mzima, na buibui mwenyewe katikati.

"Nyuki wako wapi?" nikauliza.

"Wametoka, bibi. Saa hizi ni za kazi."

"Wote?"

"Wana bidii sana."

"Na wakirudi wanamwomba buibui awafungulie?"

Mjukuu alicheka mpaka akageukia ukuta. Yule bwana naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichonitisha kuliko utando. Mtu mkweli angeona aibu. Akaanza kunieleza kwamba nafasi zimebaki tatu, kwamba Ijumaa dirisha linafungwa, kwamba nikilipa leo ada ya muhula wa kwanza ananipunguzia sare. Mjukuu akamwomba namba ya usajili wa chuo. Akasema ipo kwa mkurugenzi, na mkurugenzi amesafiri. Nikamrudishia soda yake nusu, nikachukua chupa yangu ya asali mezani. Zawadi nilikuwa nimeshaitoa, lakini niliichukua. Sijawahi kufanya hivyo kwa mtu mwingine.

Barabarani mjukuu akaniambia, "Tukaone na kile kingine."

"Kile cha sare za kijani."

"Bibi, wewe umepinga chuo usichokiona ukakubali ulichokiona kwenye karatasi."

Tukalala kwa mjukuu wa shangazi yangu, fundi cherehani wa pale mjini. Asubuhi tukapanda basi la njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa babu zetu na meno ya tembo wakielekea pwani. Babu yangu alikuwa akituambia kwamba mpagazi hakukubali mzigo kwa kuutazama. Aliunyanyua kwanza, akatembea nao hatua chache, ndipo akasema ndiyo au hapana. Nilikuwa nimekubali mzigo nikiwa nimekaa kwenye kigoda.

Chuo cha pili hakikuwa na picha ya tembo. Kilikuwa na bati lililopata kutu, bwalo, mabweni mawili na miche mingi kwenye vifuko. Wanafunzi walikuwepo. Binti mmoja alitupokea jicho moja limevimba kabisa, limefumba.

"Nani amekupiga?" nikamuuliza.

"Nyuki, bibi. Jana."

"Pole. Mlikuwa mnarina?"

"Tulikuwa tunahamisha kundi. Nilisahau kufunga mkono wa ovaroli."

Nikamtazama lile jicho kwa furaha, Mungu anisamehe. Lilikuwa jicho la kweli. Lakini sikuacha kushuku. Nilikwenda jikoni kwanza, kwa mpishi, maana mpishi hana sababu ya kukisifu chuo. Nikamuuliza kama wanafunzi hula maharage tu. Akasema maharage, kisamvu, na nyama siku za Jumapili kama mhasibu ameamka vizuri. Nikamuuliza kama walimu huja kazini. Akasema, "Wawili huja kila siku, mmoja huja akitaka." Huyo naye alikuwa mkweli. Nikawaza, kwa nini wote hapa ni wakweli, wamepangwa?

Kisha mwalimu mkuu wa mafunzo akatoka. Shati la kijani. Mvi. Nilipotaka kukaa kwenye gogo akaniwahi, "Shikamoo mama, hapo usikae, ni njia yao." Kweli, mizinga ilikuwa nyuma ya vichaka, na nyuki walikuwa wakipita juu ya gogo lile kama uzi unaovutwa. Nikasogea. Akageuza uso kuelekea jua, nikaona kidevu. Kovu lilikuwa palepale.

Yeye hakunijua. Aliendelea kumweleza mjukuu habari za masomo: cheti mwaka mmoja, stashahada miwili zaidi, nyuki, misitu, wanyamapori, ramani. Namba ya usajili ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi, na mjukuu akaitafuta kwenye simu yake, kwenye orodha ya serikali, akanionyesha kwa kidole. Ilikuwepo. Mimi nilikuwa nasikia kwa sikio moja. La pili lilikuwa msituni.

"Njooni muone banda letu la mizinga ya asili," akasema.

Bandani kulikuwa na mizinga ya magome, ya vibuyu, ya magogo. Kila mmoja ulifungiwa kikaratasi. Mjukuu ndiye aliyeuona kwanza, kwa kuwa alama ile iko kwenye mlango wa nyumba yetu na ameisugua kwa mikono yake tangu utoto. Akanishika kiwiko. Mistari miwili, nukta tatu. Kikaratasi kilisema: mzinga wa gogo la mninga, mmiliki hajulikani.

"Huu tulipewa na ofisi ya misitu zamani," mwalimu akasema. "Umechongwa vizuri mno. Huwa nawaonyesha wanafunzi ukingo wake. Hatujui ulikuwa wa nani."

"Mimi najua," nikasema.

Nikamwita kwa majina yake, yale mawili, na lile la utani walilokuwa wakimwita wenzake msituni. Akabaki ameshika mlango wa banda. Nyuki walisikika nje.

Akasema, "Nilikuwa kijana, mama. Nilitumwa."

"Nilikuona. Ulikuwa unacheka."

"Huenda nilicheka." Hakukataa. "Sheria ilikuwa sheria. Lakini ile ya kuchoma haikuwa kwenye sheria."

Nilimngoja aniombe msamaha, nikawa nimeshaandaa la kumjibu. Hakuomba. Nikamwambia, "Usije ukampunguzia mtoto huyu ada kwa sababu ya mzinga. Sitaki."

"Siwezi kupunguza. Ada si yangu."

"Niambie basi yote, na yale yasiyo kwenye fomu."

Akachukua karatasi, akaandika mwenyewe: ada kwa awamu nne, chakula, ovaroli, buti za mpira, bima, na safari moja ya porini ambayo wazazi wengi huishtukia mwishoni. Mjukuu akauliza habari za kazi. Akasema, "Siwezi kukuahidi. Wengine wameajiriwa. Wengine wako kwao wanafuga nyuki, na wawili wanaendesha bodaboda."

Ilikuwa mara ya kwanza katika safari ile mkubwa wa chuo kusema neno lisilomfaidi. Hata hivyo nilimtazama sana, nikitafuta mahali alipouficha ujanja. Sikupaona. Huenda umefichwa vizuri.

Tukajaza fomu pale pale. Mahali pa mlezi nilimtajia majina yangu matatu, taratibu, la tatu likiwa la mume wangu. Niliiangalia kalamu. Nilitaka isimame. Haikusimama, ikaandika moja kwa moja hadi mwisho wa mstari, ndipo nikaelewa kwamba hakuwahi kulijua. Alichukua mizinga ya mtu asiyemjua jina.

"Hilo la mwisho," nikamwambia, "ndilo la kwenye mzinga. Liandike na kule."

Akaenda bandani na kalamu yake. Mjukuu akamtajia herufi moja moja. Akafuta maneno ya mwanzo kwa mstari mmoja, akaandika jina juu yake. Nilimwambia mwandiko ni mdogo. Akaandika tena, mkubwa. Nikamwachia chupa zote mbili za asali mezani, na sikusema ni za nini.

Ng'ombe aliuzwa wiki ileile. Sasa mjukuu wangu yuko muhula wa tatu. Hupiga simu Jumapili baada ya ibada, hunieleza nyuki gani wamehama, nani amedungwa. Mimi humwacha amalize, kisha humuuliza.

"Kikaratasi bado kipo?"

"Kipo, bibi."

"Kimeandikwa nini?"

Hunisomea. Nami humwambia anitumie picha. Simu yangu ni ya tochi, haifungui picha, kwa hiyo huituma kwa jirani. Jirani huja nayo mpaka mlangoni, nami huvaa miwani na kusoma mwenyewe, herufi moja moja.